Nyumba Isiyo na Mrithi: Juu ya Bustani ya Utamaduni ya Majia

Bustani ya utamaduni wa wenyeji asilia wa Taiwan, iliyofunguliwa mwaka 1987 huko Majia, katika wilaya ya Pingtung, husifiwa kwa ukubwa wake: zaidi ya hekta 80 za vilima, zenye nyumba za kiasili, makumbusho na jukwaa la ngoma. Sifa hizo hatuzipingi. Tunalohoji ni namna mahali pa aina hii panavyozisoma ishara za Wapaiwan, wenyeji wa milima hiyo.

Ishara iliyo kuu ni nyoka wa hatua mia. Husemwa kwamba aliyeumwa naye huanguka kabla ya kuzimaliza hatua hizo. Mgeni humwona, akasifu ufundi, akapita. Lakini jamii ya Wapaiwan iligawanyika kati ya koo za wakuu na raia, na kumchonga nyoka huyo nyumbani ilikuwa haki ya wakuu, ambao baadhi ya masimulizi huwatoa katika mayai ya jua yaliyolindwa naye. Mchongo, basi, ulikuwa hati ya nasaba. Tena kila nyumba ina jina lake, watu wake hulichukua, na mzaliwa wa kwanza, awe mume au mke, ndiye huirithi. Nyumba ya maonyesho hairithiwi na mtu. Nyoka wake anamshuhudia nani?

Watatujibu wengine kwamba haki za kitabaka zimelegea, na mtoto wa raia naye achonge. Na achonge! Ila kuigawa haki si sawa na kuisahau.

Hapa lugha ingalifaa kuliko ubao uliochongwa. Neno *vulung* la Kipaiwan humtaja mzee na nyoka huyo pia. Nalo limo katika Kavulungan, jina la mlima wao mtukufu wenye mita 3,092. Mzee, nyoka na mlima hushikana katika shina moja, na hilo jicho peke yake haliwezi kuliona.

Wala maneno si jambo dogo kwa bustani hii. Ilipofunguliwa, jina lake lilitaja utamaduni wa “milimani”, kwani serikali iliwaita watu hawa “ndugu wa milimani”, hadi katiba ilipokubali “wenyeji asilia” mwaka 1994. Jina la langoni limekwisha kubadilishwa. Yamebaki majina ya nyumba.