Baraza na Redio: Hatima ya Mazungumzo ya Hewani Mombasa

Wanaolalamika kwamba vipindi vya mazungumzo katika redio za Mombasa vinapoteza wasikilizaji huitaja simu ya mkononi, wakaishia hapo. Sababu hiyo haitoshi. Mtu wa Kibokoni au Kuze hakuacha kupenda mazungumzo: jioni bado huketi barazani na kahawa chungu, na sauti alizozirekodi humfikia hata jamaa aliyeko Uarabuni. Kinachostahili kuhakikiwa ni maongezi yenyewe ya redioni.

Sauti ya Mvita, iliyosikika katika miaka ya 1950, ilitangaza kutoka mjini kwa wenyeji wa pwani. Mwaka 1964 utangazaji ukawekwa chini ya serikali kwa jina la Sauti ya Kenya, na Nairobi ikawa kitovu. Soko la utangazaji lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, ilitarajiwa kwamba Kimvita kingerudi hewani. Zimekuja Baraka FM, Radio Rahma na Pwani FM ya shirika la taifa, lakini katika mijadala mizito Kimvita ni mgeni. Aghalabu huletwa kwa mzaha. Ikumbukwe kuwa mkutano wa 1928 uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu ulifanyika Mombasa hapo hapo!

Tofauti kubwa, hata hivyo, ni ya utaratibu. Barazani msemaji hukatizwa, huulizwa ushahidi, husahihishwa neno papo hapo, na pengine hujibiwa kwa shairi. Redioni mpiga simu hupewa dakika moja, kisha huja tangazo la biashara, na mtangazaji peke yake ndiye mwamuzi. Mzungumzaji amegeuzwa mtoa maoni. Si ajabu akihamia penye nafasi ya kumaliza hoja yake.

Lakini kuhama huko kuna hasara ambayo wapenzi wa simu hawaitaji. Makundi ya simuni ni ya wanaojuana. Redio ilimwezesha mwanamke asiyeketi kwenye baraza za njiani kusikiwa na mji mzima, na kijana wa Majengo kumsikia mzee wa Mji wa Kale ambaye hatamjua kamwe. Lahaja nayo huhitaji masikio ya wageni. Ikibaki ndani ya ukoo, hufifia pamoja na wazee wake.

Vituo vinavyotaka wasikilizaji warudi haviwezi kushindana na simu kwa wepesi. Vinaweza kuirefusha dakika ile moja. Na mpiga simu akisema “ndia”, mtangazaji asimrudishie “njia”.