Basi la Elwak Mbele ya Kamera: Watu Wote Ilivyotengenezwa

Mnamo tarehe 4 Machi 2018, Oscar ya filamu fupi ya maigizo ilikwenda Uingereza kwa The Silent Child. Kati ya nne zilizokosa ilikuwamo Watu Wote, filamu ya dakika 22 inayozungumza Kiswahili na Kisomali, iliyotokana na habari ya basi lililosimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab karibu na Elwak, kaskazini mashariki mwa Kenya, tarehe 21 Desemba 2015. Kama ningekuwa na kura, ningeipa Watu Wote. Najua mtu akipenda habari ya kwao huweza kufumba macho mbele ya udhaifu wake, kwa hiyo sitaitetea kwa sababu ya habari inayobeba. Nitaangalia kazi yenyewe ilivyofanywa, na palipopwaya nitapasema.

Lazima tukio lenyewe litangulie, maana bila hilo hutajua mwandishi wa skripti alichukua nini na akaacha nini. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa, abiria wakatengwa kwa dini, watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Siku chache baadaye, wachimba mawe 36 wakauawa machimboni, kaunti hiyohiyo ya Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 ikafuata Garissa, kwenye chuo kikuu, ambako watu 148 walipoteza maisha. Mbinu ilikuwa ile moja: Waislamu huku, wengine kule, kisha bunduki. Walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi wakakataa kurudi kazini kaskazini mashariki, na aliyepanda basi la Mandera alipanda akiwa anaijua hesabu hiyo.

Desemba 2015 mbinu hiyo iligonga mwamba. Abiria Waislamu walikataa kutengwa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mavazi ya kujifunika, na washambuliaji wakaambiwa kwamba ama wawaue wote ama wawaache wote. Watu 2 waliuawa. Mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera, alipigwa risasi kwa kukataa, akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016. Baadaye mwaka huohuo serikali ya Kenya ilimtunuku nishani ya OGW (Order of the Grand Warrior), naye akiwa tayari kaburini.

Kazi ya kuyageuza hayo kuwa filamu ilifanywa na Katja Benrath, Mjerumani, ikiwa kazi yake ya kuhitimu Hamburg Media School. Julia Drache aliandika skripti, Felix Striegel akashika kamera, Tobias Rosen akawa mtayarishaji, na walifanya kazi pamoja na waigizaji na mafundi wa Kenya. Kwa wanafunzi, hilo si jambo la mchezo: lugha mbili wasizozizungumza kwao, basi lililojaa watu, silaha, nyika, na msiba ambao wenyeji walikuwa bado hawajamaliza kuulilia.

Tatizo la kwanza la skripti lilikuwa hili: shujaa wa siku ile ni kundi. Filamu nyingi zinazopewa tuzo zinataka mtu mmoja mwenye sura moja, anayebadilika kati ya mwanzo na mwisho. Njia rahisi ingekuwa kumweka mwalimu Salah katikati na kumfuata hadi risasi. Benrath na Drache hawakupita huko. Walimbuni mwanamke Mkristo, Jua, anayechezwa na Adelyne Wairimu, wakaiweka kamera upande wake. Jua amempoteza mume na mtoto mikononi mwa magaidi. Anasafiri kwa sababu za kifamilia, amekaa katikati ya watu asiowaamini, na uso wake unasema hivyo kabla mdomo haujafunguka.

Uamuzi huo ndio uti wa mgongo wa filamu nzima. Kama tungeanza na Salah, tungejua tangu mwanzo kwamba ni mtu mwema, na kitendo chake kingekuwa kielelezo cha jambo tulilokwisha ambiwa. Tukianza na Jua, abiria wote wengine ni fumbo. Salah, anayechezwa na Abdiwali Farrah, anajaribu kuzungumza na Jua, naye anamjibu kwa ukali. Tunabaki na woga wake, na tunaushiriki hata tusipoupenda. Kisha hatari inapoingia, watu aliokuwa akiwaogopa ndio wanaosimama kati yake na bunduki. Hakuna hotuba ya umoja inayohitajika, kwa sababu mabadiliko yanatokea ndani ya mtazamaji mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha Jua.

Tazama jinsi nafasi ilivyotumika. Ndani ya basi kamera iko karibu mno na watu, inatikisika na barabara, inabanwa na viti na mabega. Mwanzoni ubanano huo unakera: Jua hana pa kujitenga, kila anapogeuka kuna mtu. Baadaye watu walewale na ubanano uleule ndivyo vinavyomficha. Mpiga picha hakuhitaji kubadili vifaa vyake ili maana ya mahali ibadilike. Hali ndiyo iliyobadilika, kamera ikabaki mwaminifu. Basi likishasimama na watu wakashushwa, tunaona uwanda mpana usio na mti wa kujificha nyuma yake. Aliyewahi kupita njia ya Wajir kwenda Elwak anaujua uwazi huo. Kwenye picha unafanya kazi ya kutisha kuliko muziki wowote, kwa sababu unatuambia kwamba hakuna pa kukimbilia, ni binadamu kwa binadamu tu.

Hijabu nayo imetumika kwa akili sana. Katika sehemu ya mwanzo, mavazi ndiyo yanayomtenga Jua na wengine, kila mtu anaona nani ni nani bila kuuliza. Wakati wa shambulio, kitambaa kinapita kutoka mkono hadi mkono na ile alama ya kutenganisha inakuwa kinga. Jambo hilo lilitokea kweli, lakini ukweli peke yake hautoshi kwenye filamu. Lazima kitu kiwe kimepandwa mapema ili kikija kuvunwa mtazamaji akitambue, na hapa kimepandwa bila mtu kutuelekeza kidole.

Kiini cha yote, kwangu mimi, ni mabishano ya nje ya basi. Washambuliaji wanataka watu wajitenge. Salah anajibu kwa dini yake mwenyewe. Anayeshikilia bunduki na anayempinga wote wanadai Uislamu, na ugomvi unakuwa wa hoja kati ya Muislamu na Muislamu, mbele ya Wakristo wasiokuwa na la kusema. Mwandishi asiye mwangalifu angempa Jua sentensi ya kishujaa mahali hapo. Drache alimnyamazisha, akawaachia uwanja wenye nao. Hadi leo ninapoitazama sehemu ile navutiwa na jinsi mhariri anavyokaa na nyuso za abiria wakati Salah anazungumza. Ujasiri unaenea, mmoja baada ya mwingine, na hapo kundi linaanza kuwa mhusika. Filamu zinazofaulu kufanya hivyo ni chache. The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, ya mwaka 1966, ndiyo ninayoiweka juu ya zote kwa jambo hili, na ilichukua Simba wa Dhahabu Venice. Ila Pontecorvo alikuwa na saa mbili, Benrath alikuwa na dakika 22.

Upande wa waigizaji kuna jambo linaloniuma. Viongozi wa washambuliaji wanachezwa na Barkhad Abdirahman na Faysal Ahmed, ambao wengi tuliwaona kwa mara ya kwanza wakiwa maharamia katika Captain Phillips ya mwaka 2013. Wanacheza vizuri, kwa utulivu unaotisha kuliko kelele. Hata hivyo, hesabu ni ya kusikitisha: sinema ya dunia ikimhitaji Msomali, mara nyingi humpa bunduki. Mwenzao wa Captain Phillips, Barkhad Abdi, aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 2014, usiku uleule Lupita Nyong'o alipopata yake, na aliteuliwa kwa nafasi ya haramia. Kinachoiokoa Watu Wote ni kwamba upande wa pili wa bunduki napo kuna Msomali, tena mwalimu, na ndiye anayeshinda mabishano. Abdiwali Farrah anamcheza kwa upole wa mtu wa darasani, bila kupandisha sauti zaidi ya inavyohitajika.

Sasa palipopwaya. Msiba wa Jua, mume na mtoto kuuawa, ni mzito kuliko unavyohitajika. Mwaka 2015, Mkenya Mkristo aliyepanda basi la Mandera hakuhitaji kufiwa ili aogope. Hofu ilikuwa hewani, kila mtu alikuwa amesoma majina kwenye magazeti. Filamu ilimwongezea msiba kwa sababu ilikuwa inazungumza na mtu wa Hamburg na wa Los Angeles, asiyejua kilichotokea Novemba 2014 wala Garissa. Ndiyo gharama ya kutengenezea habari mtazamaji wa mbali: jambo ambalo mwenyeji analijua kwa damu, mgeni lazima apewe kwa kijiko.

Gharama ya pili ni kubwa zaidi. Mtazamaji wa Elwak anasikia lugha zote mbili. Kwake abiria si fumbo hata kidogo: anatambua salamu zao, mzaha wao, hata umri wao kwa jinsi wanavyoitana. Kiti cha Jua, kilichompa mgeni safari nzima ya kutoka woga hadi imani, hakimpi mtu wa Elwak safari yoyote, kwa sababu hakuwahi kuwaogopa watu hao. Anatazama watu wake wakithibitishwa kuwa wema mbele ya mtu aliyewashuku. Nadhani filamu inastahili kuheshimiwa kwa hilo, na bado nadhani inachosha kuwa upande huo wa meza kila mara.

Kuhusu tuzo zenyewe, njia iliyopita filamu hii inafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa filamu wa Nairobi au Garissa. Filamu fupi haihitaji kampuni kubwa ili ifike Oscar. Iwe isiyozidi dakika 40, kisha iwe imeonyeshwa katika majumba ya sinema kwa masharti yaliyowekwa, au imeshinda katika tamasha linalotambuliwa, au imepata medali katika tuzo za wanafunzi za Academy, chama kinachotoa Oscar. Watu Wote ilipata dhahabu ya wanafunzi mwaka 2017, na kwa hiyo mlango wa orodha kubwa ukafunguka. Sijui kwa nini habari hiyo haibandikwi ukutani katika kila shule inayofundisha kamera nchini.

Kati ya wapinzani wake wanne, mmoja tu ndiye aliyenifanya nisite: DeKalb Elementary ya Reed Van Dyk, kuhusu mtu mwenye bunduki anayeingia shuleni Marekani na karani wa mapokezi anayemtuliza kwa maneno. Ni kazi safi mno, kijana mmoja na mwanamke mmoja ndani ya ofisi, na mvutano haulegei hata dakika moja. Inafanana na Watu Wote kwa kuwa neno linaishinda silaha. Lakini kuwaongoza watu wawili chumbani na kuliongoza basi zima hadi likawa na moyo mmoja ni kazi mbili tofauti, na ya pili ni nadra. The Silent Child, kuhusu mtoto kiziwi, ina huruma ya kweli na iliwasaidia wengi kuielewa lugha ya ishara. Naiweka ya tatu, kwa sababu uongozaji wake unapita njia iliyonyooka.

Huenda tuzo inayonifurahisha kuliko Oscar hiyo ilikwisha tolewa kwingine. Mwaka 2021, tamasha la filamu la FESPACO huko Ouagadougou lilimpa Khadar Ayderus Ahmed, Msomali wa Finland, tuzo yake kuu, farasi wa dhahabu wa Yennenga, kwa The Gravedigger's Wife, iliyopigwa Djibouti kwa Kisomali. Ni habari ya mchimba kaburi anayetafuta pesa za kumtibu mkewe figo. Bunduki hazina kazi ndani yake, wala hakuna mgeni wa kuelezewa chochote. Ufundi wa Benrath ukikutana na macho ya Ahmed, tutapata filamu ndefu ya Elwak ninayoitaka mimi. Ningependa Jua asalie, lakini awe abiria mmoja kati ya wengi, na kamera ianze safari na mwanamke mmoja wa Mandera anayefunga mzigo wake alfajiri. Kwani huyo ndiye ambaye bado hatujaonyeshwa: aliwezaje, ndani ya muda mfupi wa basi kusimama na mlango kufunguliwa, kukumbuka kwamba ana shungi la ziada, kujua nani analihitaji, na kumfunga likae sawasawa kichwani?