Sinema ya "Halloween" na Hukumu Yetu

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za zile sinema za kutisha za Marekani, ambamo mwuaji mwenye kinyago anawafwata vijana usiku, mmoja mmoja, kisu mkononi. Wengine wanazikataa zote bila kuziona. Wengine, nao ni wahubiri wazuri, wanapenda kuzitumia kanisani: tazameni, wanasema, wenye kuzini wanakufa, msichana mwenye adabu anapona. Sisi tulipoitazama kwa mara ya kwanza ile inayohesabiwa kuwa mama wa nyingi kati ya hizo, yaani "Halloween" ya John Carpenter, iliyotoka mwaka 1978, tuliona kwamba hukumu hizo mbili hazitoshi.

Kwanza hadithi yenyewe. Usiku wa tarehe 31 mwezi wa kumi 1963, katika Haddonfield, mji mdogo wa kubuniwa katika jimbo la Illinois, mtoto wa miaka 6, Michael Myers, anamwua dada yake kwa kisu cha jikoni. Anafungwa miaka 15 katika nyumba ya wenye ugonjwa wa akili, kisha anatoroka na kurudi kwao. Msichana mmoja mwanafunzi, Laurie Strode, anamwona mara nyingi amesimama mbali, akitazama tu. Rafiki zake wanamtania. Usiku ule Laurie analinda watoto wa majirani, na ng'ambo ya barabara vijana watatu wanauawa. Mwishoni munganga Loomis anafika na kumpiga mwuaji risasi sita. Anaanguka toka ghorofani. Lakini munganga akichungulia chini, hakuna mtu.

Pili, ufundi. Kazi hii iligharimu dola 300,000 hivi, fedha kidogo sana kwa desturi za sinema za Marekani. Kinyago kilinunuliwa dukani, kikapakwa rangi nyeupe. Aliyetazamia kuona damu nyingi ataona kidogo. Yote ni kungoja: njia tupu, mlango ulioachwa wazi, na piano aliyoitunga Carpenter mwenyewe, yenye mapigo matano, isiyompa msikiaji nafasi ya kupumzika. Lakini jambo kubwa zaidi ni mwanzo. Kamera inakwenda kama macho ya mtu: inazunguka nyumba, inaingia jikoni, inachukua kisu, inapanda ngazi, inavaa kinyago. Baada ya mauaji wazazi wanakivua kinyago kile, ndipo tunaona kwamba ni mtoto. Kwa dakika zile sisi watazamaji tulikuwa ndani ya macho ya mwuaji. Mkristu anapashwa kuliangalia sana jambo hili: sinema inaweza kumkopesha mtu macho ya mwingine bila yeye kuombwa ruhusa.

Tatu, mafundisho, na hapa tunataka kukaa.

Wanaosema kwamba sinema hii inahubiri usafi wa moyo hawakuitazama vizuri. Carpenter mwenyewe amekana nia hiyo. Tena Laurie huyo anayesifiwa anavuta bangi ndani ya motokari ya rafiki yake. Haponi kwa sababu hana kosa. Anapona kwa sababu anakesha: aliona kile ambacho wenzake walikidharau, na alikuwa na watoto wawili wa kuwalinda. Juu ya wale waliokufa, tukumbuke neno la Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 13: watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa na zambi kuliko wengine wa Yeruzalemu. Padri akimwambia mama aliyefiwa kwamba kifo cha ghafla ni malipo ya zambi, anakwenda kinyume cha Injili, hata kama sinema elfu zingemsaidia.

Lakini munganga Loomis naye hatuwezi kumkubali. Anasema kwamba ndani ya mtoto yule aliona uovu mtupu, usio na sababu wala dawa. Sheria ya Eklezya inahesabu kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 7 hana bado akili ya kujitawala. Naye huyu alikuwa na 6. Na Mtakatifu Tomaso anatufundisha kwamba uovu si kitu chenye kusimama peke yake. Ni upungufu wa wema uliopashwa kuwapo. Hakuna kiumbe aliye uovu mtupu, hata shetani mwenyewe hakuumbwa mwovu. Kumwita mtoto zimwi ni rahisi. Halafu hakuna tena wa kumfundisha wala wa kumwombea. Kwetu wakatekista wanajua vizuri taabu ya watoto waliokwisha kuitwa wachawi na jamaa zao wenyewe. Kwa ajili yao hatuwezi kuinyamazia hotuba ya munganga huyu.

Iko mahali pamoja ambapo sinema inasema kweli kupita maneno yote ya Loomis. Laurie, amejeruhiwa, anakimbilia nyumba ya jirani, anapiga mlango, analia. Taa ya barazani inawashwa. Mtu anachungulia dirishani. Kisha taa inazimwa. Hatujui jina la mtu yule, hana kisu wala kinyago, na jambo linapita upesi. Aliyemfungulia Laurie mwishoni ni Tommy, mtoto mdogo aliyeamshwa toka usingizini, yule yule aliyechekwa kwa kuogopa zimwi. Kuhani na Mlawi wa mfano wa Msamaria hawakumpiga msafiri, walipita tu.

Je, vijana waitazame? Watoto, hapana: ina uchi na mauaji, nayo hofu yake inakaa. Wakubwa wanaweza, pamoja na mwongozi, na mazungumzo yafwate. Papa Pio XII, katika barua yake Miranda prorsus ya mwaka 1957, alitaka wakristu wafundishwe kuzipima sinema. Basi anayeongoza mazungumzo asianze kwa kuuliza ni nani aliyetenda zambi akafa. Aulize ni nani aliyezima taa, na kwa nini.