Kumpima Mwekea Mikono

Anayetaka kumjua mtoa hodari wa reiki, tiba ya kuwekewa mikono, asianze kwa kuuliza anaponya nini. Aulize anamkatalia nani. Hapa Njisi, wilayani Kyela, kwenye majaruba ya mpunga jirani na Mto Songwe, swali hilo lina uzito wake. Mtoto hupata homa jioni, usiku akashikwa na degedege, na mara nyingi hiyo ni malaria kali. Kwa miaka mingi wazazi wengi nchini waliamini degedege ni kazi ya pepo, wakampeleka mtoto kwa mganga kwanza na zahanati baadaye. Saa zilizopotea njiani hazikurudi. Mtu wa mikono, awe wa reiki, wa maombi au wa mitishamba, akimpokea mtoto wa namna hiyo na kumlaza mkekani badala ya kuita bodaboda, ameshafeli, hata kama ukuta wake umejaa vyeti.

Nasema hivi kwa sababu naipenda kazi ya mikono na nataka ifanywe vizuri. Reiki ilianzia Japani kwa Mikao Usui, aliyezaliwa 1865 na kufariki 1926. Inasimuliwa kwamba mwaka 1922 alifunga na kutafakari katika Mlima Kurama, karibu na Kyoto, akashuka na njia hii. Mwanafunzi wake Chujiro Hayashi, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini, aliipa kazi hiyo utaratibu wa kitabibu. Hawayo Takata, mwanamke wa Hawaii mwenye asili ya Kijapani, alijifunza kwa Hayashi miaka ya 1930 akaipeleka Marekani. Alipofariki 1980 alikuwa ameacha walimu 22, na ada aliyotoza kwa daraja la ualimu ilikuwa dola 10,000. Kumbuka tarakimu hiyo unapoambiwa kwamba bei kubwa ndiyo dalili ya nguvu kubwa: ni desturi ya biashara iliyoanzishwa na mtu, na wengine wameshaiacha.

Sasa itazame kazi yenyewe. Anayepokea hulala au huketi na nguo zake zote. Mtoa tiba huweka viganja kichwani, juu ya macho, masikioni, kifuani, tumboni, kisha mgongoni, dakika chache kila mahali. Hakandi wala hachui, na mafuta hayatumiki. Hapo ndipo jicho la mjuzi linapofanya kazi. Kiganja kizuri hutua kwa uzito wake wenyewe, hakisukumi wala hakitetemeki, na kinapohama, mkono mmoja hubaki mpaka mwingine ufike. Mtoa tiba mwenye adabu huomba ruhusa kabla ya kugusa. Kooni, kwenye matiti na sehemu za siri hagusi. Huinua mkono juu kidogo au hupita. Akikuambia uvue nguo, ondoka. Akikufungia mlango huku ndugu yako uliyefuatana naye akizuiwa nje, ondoka pia. Asiyejua kunyamaza humwaga maneno juu ya mgonjwa kwa saa nzima, akieleza anachokiona ndani yake. Anayejua hukaa kimya na kusikiliza pumzi, maana pumzi ndiyo humwonyesha kama mwili umeanza kulegea. Mwisho hakuinui ghafla. Anakuketisha kwanza, anakupa maji, anasubiri.

Je, kuna nguvu inayopita? Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio lililobuniwa na Emily Rosa akiwa na umri wa miaka tisa. Watendaji 21 wa tiba ya mguso inayofanana na reiki walipitisha mikono yao chini ya pazia, kisha wakaulizwa mkono wa mtoto huyo uko karibu na upi kati ya mikono yao miwili. Katika majaribio 280 walipatia asilimia 44 tu, chini ya nusu ambayo mtu angepata kwa kubahatisha. Nguvu ya reiki haijawahi kupimwa na chombo chochote, na mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 kuhusu reiki kwa wasiwasi na sonona hayakupata ushahidi wa kutosha kuthibitisha kwamba inasaidia. Hata hivyo, mtu aliyechoka kwa kuuguza, aliyefiwa, au anayeshindwa kulala, akilazwa pahali tulivu na kuguswa kwa heshima kwa saa moja, huamka amelegea. Kwangu hilo lina thamani. Mtendaji mwaminifu hukutajia yote mawili bila kuulizwa.

Jambo moja la Usui lingeeleweka upesi kwa wazee wa Kinyakyusa. Miongoni mwa kanuni zake tano za kila siku, ya kwanza inamtaka mtu asikasirike leo. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi watu walivyoamini kwamba hasira ya majirani na ndugu, ikibaki moyoni, humletea mtu maradhi, na kwamba sharti isemwe wazi mbele ya wenzao ndipo tiba ifanye kazi. Kwa hiyo mtazame mtoa reiki anapokuhoji. Je, anauliza nyumbani kukoje, au anakimbilia kuweka mikono? Anayeuliza na kungoja jibu yuko karibu zaidi na kazi yake.

Kwa waumini, na Kyela ina Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki wengi, kuwekewa mikono si jambo geni. Lakini maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitoa mwongozo Machi 2009 wakisema taasisi zao zisiitumie reiki. Mtendaji mwenye heshima hatamficha mteja jambo hilo, wala hataita reiki maombi mahali pengine na sayansi mahali pengine, kulingana na aliyeko mbele yake.

Nchini, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya 2002, na kuna Baraza linalosajili watoa tiba. Omba kuona cheti cha usajili, na halmashauri ina mratibu wa tiba asili unayeweza kumuuliza. Cheti kinathibitisha kwamba mtu anafahamika kwa mamlaka. Hakithibitishi kwamba nguvu inapita viganjani. Hata umati wa watu hauthibitishi: mwaka 1995 maelfu walimiminika kwa Billy Goodson Chisupe karibu na Liwonde, Malawi, kwa dawa ya UKIMWI, na mwaka 2011 misafara ya magari ilijaa njia ya Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Baadhi ya waliokunywa waliacha ARV, dawa zao za UKIMWI za hospitali. Wa kuogopwa ni yule anayekuambia uache dawa, hata akisema kwa upole.

Ukitaka kujifunza, jua kwamba kuna ngazi tatu. Ya kwanza, ya kujiwekea mikono mwenyewe na ndugu wa karibu, hufundishwa kwa siku moja au mbili. Ya pili huongeza alama tatu. Ya tatu ni ya ualimu. Kozi za intaneti hutoa zote tatu mwishoni mwa wiki moja, na huo ni uuzaji wa karatasi. Muulize mwalimu alifundishwa na nani, na huyo na nani, mpaka mfuatano ufike kwa Usui. Kisha uliza swali lenye uzito zaidi: baada ya ngazi ya kwanza, atakuacha ujizoeze muda gani kabla ya kukuruhusu umguse mtu mgeni? Ukijibiwa kwa majuma au miezi, na ukaagizwa ujiwekee mikono kila asubuhi ndipo urudi kueleza ulichokihisi na usichokihisi, lipa ada.