Fundi Asiyekimbilia Spana

Mlima Kitonga, kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, hauna huruma na gari la mizigo. Ukishapita Ruaha Mbuyuni na joto lake, barabara inaanza kujikunja ubavuni mwa mlima, malori yanapanda kwa gia ya chini kabisa, nawe uko nyuma yao na pikapu ya otomatiki iliyojaa mifuko ya saruji, huna pa kupita. Unakanyaga kidogo, unaachia, unakanyaga tena. Hapo ndipo giaboksi inapochemka, na mshale wa joto kwenye dashibodi umetulia pale pale katikati. Haudanganyi. Kazi yake ni kupima joto la maji ya injini. Joto la oili ya gia hauna habari nalo.

Wapo mafundi wanaolijua joto hili, nao ndio ninaowaandikia sifa. Sisemi wote. Walio wengi, mteja akishatamka kwamba gia inateleza, wana jibu moja tu: tushushe giaboksi. Ninayemsifu mimi ni yule anayejua kuiacha ilipo mpaka iwe imethibitika kwamba kosa ni la giaboksi yenyewe.

Anaanza na swali la joto linatoka wapi. Kwenye otomatiki, injini haishikani na gia moja kwa moja. Katikati yao ipo toki konveta, ambayo ndani yake ni kama pangaboi mbili zinazotazamana, zimezama kwenye oili: injini inazungusha moja, hiyo inairusha oili, na oili inaisukuma ya pili. Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyepata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, tena kwa ajili ya meli. General Motors ilipotoa giaboksi ya otomatiki ya Hydra-Matic kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, oili ilikuwa imeshachukua kazi ya pedeli ya klachi. Lakini mzigo ukiwa mzito na mwendo mdogo, pangaboi ya pili inabaki nyuma ya ya kwanza, na nguvu inayopotea katikati yao inageuka joto. Ndani ya konveta ipo klachi ambayo, kwenye tambarare, inazifunga zote mbili zikaenda pamoja, joto likashuka. Nyuma ya lori Kitonga, klachi hiyo haipati nafasi ya kufunga.

Oili hii inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: kila nyuzi 11 zinazozidi 80, umri wa oili unakatika nusu. Ikifika 115 hivi inaanza kuacha utando wa kahawia kwenye vali. Kwenye 130 sili zinakakamaa. Ikikaribia 150 pleti za klachi zinateleza na kuungua. Oili za siku hizi zinavumilia zaidi, ila mkondo wa mambo ni ule ule. Wasiojua huona oili ni oili. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani, oili ya otomatiki ilikuwa ikitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike bila kushtuka, na sheria ya kumlinda mnyama huyo ilipokuja, wataalamu walilazimika kutafuta kemikali za kushika nafasi yake. Anayemimina oili yoyote nyekundu aliyoikuta dukani hajui ni kiasi gani cha akili kimo ndani ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Sasa mtazame akiwa kazini. Injini inanguruma, oili imeshapata moto. Anachomoa dipstiki na kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe, kisha anasubiri. Tone zima linasambaa likiwa jekundu; lililochoka lina ukahawia; lililoungua linaacha doa jeusi katikati na harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Anaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada kusikia kama ina chengachenga. Kama gari halina dipstiki, kama zilivyo Toyota nyingi za sasa, anaingia uvunguni, anasoma joto kwenye mashine ya kupimia, na oili ikifika nyuzi 40 hivi ndipo anafungua nati ya kupimia ujazo. Oili ikipungua pampu inavuta hewa. Ikizidi, gia zinaichapa mpaka inatoa povu, na povu halibebi joto.

Baada ya hapo anafuata njia ya joto kutoka nje. Oili inapita kwenye paipu hadi ndani ya rejeta, inapoozwa, inarudi. Anapima paipu ya kwenda na ya kurudi. Zikiwa na joto moja, rejeta haipoozi kitu. Mara nyingi dawa ni maji tu: mapezi yamejaa nyasi, wadudu na tope kavu, anayaosha kutoka upande wa injini kuja mbele. Akifungua mfuniko wa rejeta iliyopoa akakuta rojo la rangi ya waridi, ujue maji na oili vimekutana ndani. Maji yanabandua gundi ya pleti za klachi, na hapo hata yeye anaishusha giaboksi bila ubishi.

Kipoza oili cha ziada anakifunga mbele ya kondensa ya kiyoyozi, kwa vyuma vyake, mbali na ekzosi. Wanaokining'iniza kwa kamba za plastiki zilizopenyezwa kwenye mapezi ya rejeta wananiudhi kweli, maana mtikisiko wa barabara ukishafanya kazi, rejeta inatoboka. Naye haikati njia ya rejeta. Oili inapita kwenye rejeta kwanza, ndipo iende kwenye kipoza, kwa sababu asubuhi ya Njombe ni baridi na maji ya injini ndiyo yanayoipasha oili iliyopoa.

Kisha anamgeukia dereva. "Bosi, gari lako haliumwi. Limebebeshwa." Zima O/D kabla ya mlima, weka 2 au L, acha nafasi mbele yako ili ukipanda upande kwa mwendo mmoja. Ukifika juu, egesha mahali salama, weka P, na usizime injini. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Ukizima, oili ya moto inabaki imesimama ndani ya konveta.

Kwa ushauri huo analipwa kidogo kuliko aliyeshusha giaboksi, na wengine hawamlipi kabisa kwa kuwa "ameangalia tu". Kwa hiyo, mwenye pikapu, kabla hujapandisha mzigo mwingine mlimani, fungisha geji ya joto la oili ya gia. Na fundi akikaa uvunguni saa nzima, akatoka akakuambia hakuna cha kufungua, mlipe saa yake.