Keye Luke: Mwana Aliyemzidi Baba kwa Umri

Mtu hupimwa kwa namna anavyoketi kwenye kiti cha mbele, lakini hupimwa zaidi kwa namna anavyoketi alipopewa nafasi karibu na mlango, penye viatu vya watu. Keye Luke, mchezaji wa senema na televisheni wa Marekani mwenye asili ya Kichina, aliketi karibu na mlango kwa zaidi ya miaka 50. Nakusudia kutazama alivyoketi hapo, na kuuliza kama kuketi kwake kulikuwa ni unyonge au ni murua.

Huenda mzee mmoja akasema, "Sisi na wachezaji senema tuna nini?" Jawabu yake si ngumu. Senema na televisheni zimeingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi, na watoto hukaa mbele yake wakasikiliza. Mwalimu akiingia nyumbani, mwenye nyumba ana haki ya kujua anasomesha nini. Na katika mambo yanayosomeshwa na kioo kile, kubwa mojawapo ni hili: nani katika wanaadamu ni mtu kamili, na nani ni mtu wa kuchekwa.

Keye Luke alizaliwa Guangzhou, Uchina, mwaka 1904, akakulia Seattle, mji wa bandari ulioko pwani ya magharibi ya Marekani. Wakati ule nchi ile ilikuwa na sheria, iliyopitishwa mwaka 1882, ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia na kuwanyima Wachina wahamiaji haki ya kuwa raia. Sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1943, na hata ilipofutwa, idadi ya Wachina walioruhusiwa kuhamia kwa mwaka iliwekwa kuwa 105 tu. Msomaji na alishike jambo hili, kwani yaliyotokea ndani ya picha yalifanana na yaliyokuwa nje yake.

Fani yake ya kwanza ilikuwa uchoraji. Alichora matangazo ya senema, na mkono wake umo katika michoro ya kutani ya Grauman's Chinese Theatre, jumba lililofunguliwa Hollywood mwaka 1927 na kujengwa kwa sura ya mahekalu ya Kichina. Kwa hivyo kabla uso wake haujaonekana katika picha yoyote, kazi ya mikono yake ilikuwa imekwisha pamba nyumba ya kuoneshea picha. Mwaka 1934 aliingia mwenyewe mbele ya kamera, kwa nafasi ndogo, katika "The Painted Veil".

Mwaka uliofuata alipata nafasi iliyomjulisha kwa watu. Palikuwa na mfululizo wa picha za Charlie Chan, mpelelezi wa Kichina wa polisi ya Honolulu, aliyebuniwa na mwandishi Earl Derr Biggers. Katika "Charlie Chan in Paris" ya mwaka 1935, Keye Luke alikuwa Lee Chan, mtoto mkubwa wa mpelelezi huyo, ambaye baba humwita mwana nambari moja. Lee ni kijana mwenye haraka. Huvaa suti, hujiingiza katika kazi ya babake bila ya kuitwa, hukosea, akachekwa. Lakini mzee wake akiwa matatani hamwachi. Katika picha ya mwaka 1937 iliyohusu Michezo ya Olimpiki ya Berlin, Lee ni mwogeleaji katika timu ya Marekani.

Na huyo baba, Charlie Chan mwenyewe, alikuwa nani? Alikuwa Warner Oland, mzaliwa wa Sweden. Oland huyo huyo mwaka 1929 alikuwa amecheza Fu Manchu, Mchina muovu wa hadithi za kutisha. Zingatia hapo. Wachina walipotakiwa waogopwe, uso wa kuogopwa ulitolewa na Mzungu. Na walipotakiwa wapendwe, uso wa kupendwa ulitolewa na Mzungu yule yule. Wenyewe wakaombwa wakae pembeni wawe watoto.

Insafu yataka tuseme na la upande wa pili. Charlie Chan si mtu duni. Ni baba mwenye adabu, mwenye watoto wengi, na katika kila chumba anachoingia yeye ndiye mwenye akili kupita wote. Oland alimcheza kwa upole, na baina yake na Keye Luke mtazamaji huona mapenzi ya baba na mwana yasiyo ya kubandika. Lakini sikiliza lugha zao. Charlie Chan, aliye Mzungu ndani ya kanzu ya Kichina, husema Kiingereza cha kukatakata, kama mgeni aliyeshuka merikebuni jana. Lee Chan, aliye Mchina kweli, husema Kiingereza kilichonyooka, chepesi, cha vijana wa mjini. Yaani Mchina wa uongo ndiye aliyepewa ulimi mzito, na Mchina wa kweli akaonesha kuwa uzito ule haukuwa wa Wachina. Ulikuwa katika masikio ya waliotunga. Keye Luke hakutoa hotuba juu ya jambo hili. Alisema maneno yake sawasawa, picha baada ya picha, na hilo likawa ni jibu.

Mwaka 1937 jambo lile lile lilirudi kwa sura nyingine. Katika "The Good Earth", hadithi ya wakulima wa Uchina, baba ni Paul Muni na mama ni Luise Rainer, wote wawili wazaliwa wa Ulaya. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles na mchezaji wa kike wa asili ya Kichina aliyejulikana kuliko wote, hakupewa nafasi ya mama. Rainer alipata tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo. Na Keye Luke? Alikuwa mtoto mkubwa wa nyumba ile. Mara ya pili akawa mwana wa kweli wa wazazi wa kuazima.

Sasa tufike kwenye jambo lililonipa anwani ya makala haya. Oland alikufa mwaka 1938. Akafuata Sidney Toler, naye akafa mwaka 1947. Akaja wa tatu, Roland Winters, naye si Mchina. Mwaka 1948 Keye Luke aliitwa tena awe Lee Chan katika "The Feathered Serpent", na mwaka 1949 katika "Sky Dragon". Keye Luke alizaliwa mwezi wa Juni 1904. Winters alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Mwana alikuwa amemzidi baba kwa miezi mitano! Mtu wa miaka 44, mwenye ujuzi wa kazi ile kuliko aliyekaa kiti cha baba, bado aitwa mtoto na yampasa aitike.

Haikuwa kwamba hakuweza. Mwaka 1940 shirika la Monogram lilimpa nafasi ya mbele katika "Phantom of Chinatown", akawa mpelelezi Jimmy Wong. Kabla yake, mpelelezi Wong alichezwa mara tano na Mwingereza Boris Karloff. Keye Luke aliicheza nafasi hiyo kwa utulivu, bila ya kugeuza sauti wala kujitia maajabu, na picha ikaenda vizuri bila ya Karloff. Lakini mfululizo ukakomea hapo. Katika picha za Daktari Gillespie, kuanzia mwaka 1942, alikuwa daktari kijana wa Kichina aliyetoka Brooklyn, mwenye kushindana na madaktari wenziwe kwa ilimu. Zote hizo zilikuwa dalili ya alichoweza. Ilisemwa na wenye biashara kuwa watazamaji wataka jina kubwa. Basi Mchina hapewi nafasi kubwa kwa kuwa hana jina, na hana jina kwa kuwa hapewi nafasi kubwa. Mlango wa namna hii hufungwa kwa ndani, kisha aliye nje akalaumiwa kwa kutoingia.

Walikuja baadaye vijana wa asili ya Asia nchini Marekani waliowalaumu wazee kama huyu. Walisema: mlikubali kuchekwa, na kukubali kwenu ndiko kulikozidisha kucheko. Mwaka 1965 wachezaji wenye asili ya Asia walianzisha Los Angeles kundi lao la michezo ya kuigiza, East West Players, ili wapate nafasi wasizopewa kwingine. Hoja yao ina haki, wala si ya kupuuzwa. Lakini wahenga wetu walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Lau Keye Luke angekataa, uso wa Lee Chan nao ungebandikwa mtu mwengine, na mtoto wa Kichina aliyekwenda senema mwaka 1936 asingemwona hata mtu mmoja wa kwao akisema kwa ulimi wake. Mwenye kukubali nafasi ndogo huulizwa swali moja: je, ameongeza dharau iliyokuwamo, au ameipunguza? Kwa Keye Luke, naona aliipunguza.

Mwaka 1958, katika mchezo wa kuigiza wa "Flower Drum Song" huko New York, hatimaye akawa baba wa nyumba. Na mwaka 1972, katika filamu za vikaragosi za watoto, alikuwa Charlie Chan mwenyewe, mtu wa kwanza wa asili ya Kichina kuwa Charlie Chan. Alingoja miaka 37, tangu Paris, kukaa katika kiti cha babake. Na alipokikalia, ilikuwa kwa sauti tu, uso haukuonekana.

Mwaka huo huo alipata nafasi ambayo kwayo watu wengi wamkumbuka mpaka leo: Mwalimu Po, mzee kipofu wa hekalu la Shaolin, katika mchezo wa televisheni wa "Kung Fu" ulioendelea mpaka mwaka 1975. Sisi tuliosomesha vyuoni twaweza kumkagua hapa kama mwalimu. Mwanafunzi mdogo amdhania kipofu kuwa ni wa kuhurumiwa. Mzee amuuliza kama amesikia panzi aliye karibu na mguu wake. Mtoto, mwenye macho mazima, hakujua kama yupo. Keye Luke hakupandisha sauti wala hakujivuna. Alinyamaza akamwachia mtoto nafasi ya kuona aibu, kisha akatabasamu ili aibu isimvunje. Hiyo ndiyo kazi ya kusomesha, na wako wengi wenye bakora wasioijua. Lakini hata hapo mizani haikukaa sawa: mwanafunzi huyo alipokuwa mtu mzima, mwenye nusu ya damu ya Kichina katika hadithi, alichezwa na David Carradine, asiye na damu hiyo.

Katika "Gremlins" ya mwaka 1984 alikuwa Bwana Wing, mzee mwenye duka anayekataa kumuuzia Mmarekani kiumbe kidogo kwa bei yoyote, kwa kuwa kukitunza kuna dhamana kubwa. Mjukuu akiuza kwa siri, mji ukaharibika. Mwisho mzee arudi kuchukua amana yake, na kuwaambia watu wale hawajawa tayari. Hapa nina la kulaumu. Mzee wa Kichina mwenye duka la giza na siri za kale ni kinyago vile vile. Cha sifa, lakini kinyago. Anayesifiwa kwa hekima asiyojulikana imetoka wapi hajapewa haki yake kama mtu. Kinachookoa nafasi ile ni macho ya Keye Luke katika dakika za mwisho: yana huzuni zaidi kuliko hasira, kama ya babu aliyekwisha kuonya mara nyingi.

Alicheza mpaka mwisho. Mwaka 1990 alikuwa tabibu katika "Alice" ya Woody Allen, na mwaka huo nyota yenye jina lake iliwekwa katika njia ya Hollywood. Alifariki mwezi wa Januari 1991, naye ana miaka 86.

Hukumu yangu ni kuwa hakutendewa haki, na kwamba alikaa pale alipowekwa kwa murua. Yote mawili ni kweli, na la pili halifuti la kwanza. Wako wanaopenda kusifu subira ya mnyonge ili wasiulizwe ni nani aliyemnyonga. Tumsifu mzee huyu, lakini tusiisahau hesabu ya ile miezi mitano. Na watoto wetu wakiketi mbele ya kioo, tuwazoeze kuuliza maswali mawili: huyu anayeoneshwa ni wa watu gani, na anayesema kwa niaba yake ni nani? Mtoto anayeuliza hivyo juu ya Mchina hatashindwa kuuliza hivyo siku watakapooneshwa watu wake mwenyewe.