"Abate": vita imepungua ao imeisha?

Kuna kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho, hapa Ituri, ukikitafsiri vibaya unaweza kumrudisha mtu mahali pa risasi. Ni "abate".

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaona tunakijua, juu kinafanana na "abattre". Kweli ni ndugu wa tumbo moja: vyote vimetoka Kifaransa cha zamani, kwa maana ya kupiga chini. Ila kila mmoja alishika njia yake. Kifaransa kilibaki na shoka na kisu: mti unaangushwa, ng'ombe anapelekwa "abattoir", na jambazi akiwa "abattu", amepigwa risasi. Kiingereza kililainika. Upepo, maumivu, hasira, vyote vinapunguka nguvu tu. Kisha, ukiingia kwa sheria, neno linakuwa kali tena: takataka zinazosumbua mtaa zinaondolewa kabisa. Na kule Kenya, mwenye kesi akifa na hakuna mrithi aliyewekwa nafasi yake ndani ya mwaka 1, kesi nayo ina-"abate". Haikupungua, imekufa.

Sasa weka neno hilo kwa ripoti ya usalama wa Djugu. Kiswahili kinakulazimisha uchague: vita imepungua, imetulia, imekoma, imeisha? Wengi wetu tunaandika "imetulia". Mimi naona ndiyo mbaya kuliko yote, juu ni tamu. Mama aliye kambini Kigonze akisikia "imetulia", anasikia "rudini". Akisikia "imepungua", atauliza: kutoka ngapi mpaka ngapi? Na swali hilo ni haki yake. Etat de siège ilianza 6 Mei 2021. Februari 2022, kambi ya Plaine Savo, kule kule Djugu, ilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa.

Watu wa afya walituonyesha namna ya kuheshimu maneno haya. Wakati wa Ebola, "imepungua" ilikuwa hesabu ya wagonjwa wa juma. "Imeisha" ilikuwa na mpaka wake: siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo ugonjwa unaweza kujificha mwilini. Tarehe 10 Aprili 2020, siku chache tu mbele ya tangazo, mgonjwa mpya akaonekana Beni. Hesabu ikaanza upya, na neno "imeisha" likangoja mpaka 25 Juni. Watu walichoka kungoja, ndiyo, lakini hakuna aliyedanganywa.

Vita haina siku 42. Kwa hiyo mtafsiri aandike "imepungua", aongeze wapi na tangu lini. Kama ripoti haisemi, amuulize aliyeiandika, mbele habari haijafika kwa redio.